Kipungu na Mtu wa Mawinguni

Wiki iliyopita niliingia kwa fundi wa redio kuchukua pasi yangu, nikamkuta amewasha televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mrefu, na vumbi lililokuwa limelala ndani yake miaka mingi limeanza kuungua. Harufu ile! Ninyi mliokua nami wakati nchi yetu ikiitwa Zaire mnaijua: vumbi, plastiki ya moto, na samaki kidogo, maana kwetu Kalemie hakuna kitu kisichonuka samaki. Nilisimama mlangoni nimesahau nilichofuata. Fundi aliniuliza kama naumwa. Nilimjibu kwamba siumwi, nimemkumbuka Kipungu.

Kipungu halikuwa jina lake. Jina lake lilikuwa la Kifaransa, refu, na mtangazaji alilitamka upesi upesi hata hatukuwahi kukubaliana ni lipi. Sisi watoto tulimwita Kipungu kwa sababu ya joho lake la kijivu, na kwa sababu alishuka juu ya wezi bila kupiga mbawa, kimya, kama ndege yule anavyoshukia kuku. Alikuja kila Jumapili giza likiingia, kwenye televisheni ya Papa Kalenga, jirani yetu aliyefanya kazi ya reli. Nilimpenda sana. Tena sikumwamini hata kidogo, na mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu bila kugombana.

Mimi nimezaliwa na shaka. Nkambo, ndivyo nilivyomwita bibi yangu, alisema kwamba hata siku ya kwanza niliponyonyeshwa na mama nilimtazama usoni kwanza. Basi mtu wa namna hiyo umwonyeshe mwanaume anayeruka angani, mwenye barakoa, uone atasema nini. Barakoa yenyewe ilifunika macho na pua tu. Mdomo na kidevu vilikuwa nje, na bado katika mji ule mkubwa hakuna aliyemtambua, hata yule mwanamke aliyefanya naye kazi ofisini, biro moja, meza kwa meza! Kalemie hii, ujifunike kitenge mpaka utosini, upite gizani, mtu wa ng'ambo ya barabara atakuita kwa jina na kukuuliza habari za mama yako. Nikaona kwamba ama watu wa mji ule ni wajinga, ama wote walimjua na wamepatana kunyamaza. Hilo la pili nililielewa zaidi.

Halafu mdomo wake na maneno yake havikupatana. Alikuwa anaweza kufunga mdomo na sauti ikaendelea, au akautanua na isitoke kitu. Sikujua kwamba filamu ilitengenezwa kwa lugha nyingine, ikatiwa Kifaransa juu yake. Nilidhani kwamba watu wa kule wanasema hili na linasikika lile, na haikunishangaza sana, kwa sababu hata kwetu wakubwa walisema namna hiyo. Tena alichelewa. Daraja likishakatika ndipo anafika. Nyumba ikishashika moto mpaka paa ndipo tunaliona joho. Nilikuwa nikimsonya kwa sauti, na watoto wa Papa Kalenga wakinipiga viwiko ninyamaze. Lakini alipoinuka juu ya mapaa na upepo ukamshika, kitu ndani ya kifua changu kiliinuka pamoja naye, na sikuwa na shaka yoyote kwa muda ule.

Niseme kidogo jinsi tulivyokaa. Papa Kalenga aliitoa televisheni yake chumbani, akaiweka barazani juu ya meza, akaivua kitambaa kilichofumwa na mke wake, kisha akasimama pembeni akitusubiri tumshukuru. Watoto tulikaa chini. Wakubwa walipata viti. Nkambo alipewa kigoda karibu na ngazi, upande wa upepo, kwa kuwa alikuwa muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, sokoni na harufu ya ndagala ilimfuata hata akioga mara mbili. Alijua kwa nini amewekwa pale. Alikaa, akainyoosha miguu yake, akatazama. Mama yangu wakati ule alikuwa anavuka ziwa kwenda Kigoma kwa biashara, anarudi, anavuka tena, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, mimi na Nkambo.

Sasa mkumbuke mpangilio wa Jumapili. Kabla ya Kipungu zilikuja habari, na kabla ya habari yalikuja mawingu. Mnayakumbuka, msiniambie hamyakumbuki. Anga tupu, mawingu yakienda, muziki, na katikati ya mawingu uso unatokea, mdogo kwanza, unakua, unakua, kofia ya chui, miwani, mpaka umejaza kioo chote. Ni Kiongozi wetu, ambaye tulimwimbia shuleni kila asubuhi kabla ya hesabu. Nkambo alimwita Mukubwa, basi. Baada ya uso yalikuja maneno mengi ya Kifaransa, wageni wakishuka kwenye ndege, wanawake wakicheza na vitenge vyenye uso ule ule. Kisha mawingu tena, na kutoka mawinguni anashuka Kipungu.

Nkambo hakuwahi kuona sinema maishani mwake. Kifaransa alijua "merci" tu. Kwa macho yake hayo yote yalikuwa jambo moja lisilokatika: Mukubwa anashuka kutoka juu na uso wake, anapokea wageni, anachezewa ngoma, na kazi za mchana zikiisha anavaa barakoa na kwenda kuwatafuta wezi. Televisheni ya Papa Kalenga haikuwa ya rangi. Kila mtu ndani yake alikuwa wa kijivu, Mukubwa kijivu, Kipungu kijivu, wezi kijivu. Mimi nilibisha.

"Nkambo, ni watu wawili. Huyu ni mwembamba."

"Amevua abakosti. Hata wewe ukivua koti unapungua."

"Lakini huyu ni muzungu."

"Nani amekuambia? Umeona rangi yake wapi?"

Nikakikazia kioo macho. Ndipo alipotoa hoja iliyonimaliza. "Ngoja nikuulize. Huyu wa barakoa, ulishamuona anakula? Hata siku moja?"

Nilifikiri sana. Kipungu alipigana, alisoma magazeti, aliagana na yule mwanamke wa biro mlangoni, lakini kula, kweli, sikuwahi kumwona akila.

"Na Mukubwa, kwa habari, ulishamuona anakula?"

"Hapana."

"Njo vile. Mwami hali mbele ya watu. Kwetu hata mukewe hamuone akitafuna. Mutu asiyekula mbele ya watu ni mufalme, na wafalme wawili hawawezi kushuka kwa mawingu mamoja."

Kama mmelelewa na wazee wa pande zetu mnajua kwamba hilo si neno la mchezo. Mwami kweli hufungiwa chakula chake ndani. Nikaamini nusu. Nusu nyingine ilikaa mlangoni ikichungulia, kama kawaida yangu.

Basi ikaja Jumapili ya kamba. Mwizi mkubwa wa kipindi kile alikuwa mzee mwenye kipara na glavu nyeupe, na wiki hiyo alimtegea Kipungu mtego wa kitoto kabisa, sanduku lenye sauti ya mtoto anayelia ndani yake. Mimi niliutambua mtego kabla sanduku halijafika katikati ya kioo. Kipungu hakuutambua. Akaangukiwa na wavu, akafungwa kamba kwenye kiti, mikono nyuma, kichwa kimelala begani. Yule mzee akasogea polepole, akanyoosha glavu kuelekea barakoa. Hapo yakatokea maandishi, muziki ukapigwa, ikaisha.

Watoto walipiga kelele. Nkambo alisimama, mikono kichwani. "Papa Kalenga! Wamemufunga! Mupige simu Kinshasa!" Watu wote barazani wakacheka mpaka wakafuta machozi, na Papa Kalenga akacheka kuliko wote, akaifunika televisheni kitambaa chake. Nkambo hakucheka. Alienda nyumbani bila kuaga, na chakula hakukigusa.

Kesho yake sokoni hakutandika ndagala zake. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, kitambaa cha kichwa amekivua, kama mtu aliye matangani. Jirani zake wa sokoni wakamwuliza ni nani amekufa.

"Hajakufa bado," alijibu. "Mukubwa wamemufunga kamba kwa kiti. Nimeona na macho yangu, kwa televizyo."

Angesema ameota, wangempa maji anywe. Angesema amesikia, wangemwuliza kwa nani. Lakini alisema televizyo, na kwa watu wengi wa soko, ambao hawakuwa nayo, televisheni ilikuwa mdomo wa Kinshasa wenyewe. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mji wetu ulishaona askari wakikimbia na wengine wakiingia, na akina mama wa Kalemie hawahitaji kuelezwa mara mbili. Saa ile ile mmoja alifunga chumvi yake. Wa pili akafuata. Mpaka mchana soko lilikuwa limebaki na mbwa, mahindi yameachwa juu ya makaa, na pale ufukweni watu wanagombania mitumbwi ya kuelekea Kigoma. Nilitoka shule nikakuta maduka yamefungwa, na kila mtu anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini kitu kile kile. Nilipofahamu maneno hayo yameanzia wapi, nilikimbia mpaka nyumbani.

Lazima niwaeleze kwa nini. Nkambo alikuwa mtu wa kaskazini ya ziwa. Kule milimani, nyuma ya vijiji vya kwao, walikaa watu wa porini waliopigana na serikali, na kwa sababu yao kila mtu wa kwetu alitazamwa kwa jicho la pembeni, hata bibi wa ndagala. Mtu wa Kalemie akisema Kiongozi amefungwa, ni mjinga. Mtu wa kaskazini akisema, anajuaje?

Sitwayeni alikuja jua likianza kupoa. Wakati ule sote tuliitana sitwayeni, yaani mwananchi kwa Kifaransa, lakini yeye hakuwa na jina jingine tulilolijua. Kazi yake ilikuwa kuisikilizia serikali. Abakosti yake ilikuwa ya rangi ya majivu, iliyopigwa pasi vizuri, na alitembea akitazama chini kama mtu aliyepoteza sindano. Alisimama kwanza kwa Papa Kalenga. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni letu na nilisikia kila neno.

"Sitwayeni Kalenga, huyu mama anatazamaga televizyo kwako?"

"Anapitaga tu," Papa Kalenga alisema. "Anakaa kule kwa ngazi. Mimi simujue sana."

Simujue sana! Mtu aliyekula ndagala zetu tangu sijazaliwa, aliyemwita Nkambo mama siku mkewe alipojifungua na Nkambo akapokea mtoto kwa mikono yake. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa pale nyuma ya ukuta nikijifunza neno lile kwa moyo, jinsi alivyolisema, upesi na bila kutetemeka. Sitwayeni akavuka ua, akamwambia Nkambo achukue kitenge cha kujifunika, na wakaondoka pamoja. Nkambo aliniambia nisiache moto uzime.

Nililala kwa Papa Kalenga wiki ile, nitalala wapi? Mama alikuwa ng'ambo. Mke wa Papa Kalenga alinipa bugali na hakunitazama usoni. Papa Kalenga alikula akitazama chini, mpaka siku moja akasukuma sahani, akasema bila kumwelekea mtu, "Ningesema nini? Niko na watoto." Mke wake akaiondoa sahani. Leo nina watoto mimi pia, na namwelewa. Kumsamehe bado sijamsamehe vizuri.

Kila siku baada ya shule nilimpelekea Nkambo chakula kwenye biro ya Sitwayeni. Hawakumpiga. Alikaa kwenye benchi, mgongo ukutani, akitazama mbele, na usiku walimlaza stoo. Siku ya pili Sitwayeni aliniita ndani. Alifungua sahani yangu, akawatazama samaki, akaifunga tena.

"Unasoma darasa la ngapi?"

"La ine, Sitwayeni."

"Basi uko na akili. Niambie. Ule wa barakoa na Kiongozi wetu, ni mutu mumoja ao ni watu wawili?"

Nilifungua mdomo, kisha nikaona shimo. Nikisema ni mmoja, basi Kiongozi kweli amefungwa kamba, na Nkambo ametangaza kushindwa kwake sokoni. Nikisema ni wawili, basi kuna mtu mwingine anayeruka, anayeinua lori kwa mkono mmoja, ambaye polisi wanampigia saluti, na huyo si Kiongozi. Ni nani basi? Shuleni tulifundishwa kwamba hakuna mwingine. Sitwayeni alikuwa anangoja, kalamu mkononi, na uso wake ulikuwa mpole kabisa. Upole ule ndio ulioniogopesha.

"Mimi ninakaa nyuma," nilisema. "Sioni muzuri."

Akacheka bila kufungua mdomo. Ndipo akaniambia alichokwisha kuamua. Jumapili atamleta Nkambo mwenyewe mbele ya televisheni, na watu wa soko wataitwa wote. Yule wa barakoa akitokea, Nkambo atasimama na kusema kwa sauti: nilidanganya, huyu si Kiongozi. "Akisema muzuri, analala kwake. Akisema mubaya, Jumatatu anapanda treni."

Treni ile ilipita Niemba na kuendelea mbali kusini, na watu waliopandishwa na Sitwayeni hatukuwaona wakishuka tena. Nilimjua mmoja, kinyozi wa mtaani kwetu, mtu wa kaskazini kama sisi. Kiti chake kilibaki nje kwa muda mrefu, kisha mtu akakichukua. Niliogopa mno. Nilimweleza Nkambo yote pale bencheni, neno kwa neno, nikamwomba aseme tu anachotakiwa kusema. Alitafuna kichwa cha samaki, akaufuta mdomo. "Nimesikia," akasema.

Wiki ile nilisali umeme, ule uliotoka kwenye bwawa la Bendera, ukatike Jumapili, kisha nikasali usikatike, kwa sababu sikujua lipi lingemsaidia. Niliwatazama watu. Mwalimu alinipa kitabu bila kunisemesha: kwa nini? Mama wa mahindi alinipa hindi la bure: anataka nini? Nilianza kumtazama kila mtu kama nilivyomtazama Kipungu, nikipima mdomo wake na maneno yake kama vinakwenda pamoja, na nikakuta kwamba ni wachache sana ambao vilikwenda pamoja. Tabia hiyo haijanitoka.

Jumapili ikafika na umeme ulikuwepo. Ua wa Papa Kalenga ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta. Walikuja wauza chumvi, wauza mihogo, wavuvi, wote wamevaa nguo za kanisani, wote kimya. Sitwayeni alikaa mbele, kwenye foteyi ya Papa Kalenga mwenyewe. Nkambo alisimamishwa kando ya televisheni, uso kwa watu. Alionekana mdogo. Papa Kalenga alivua kitambaa, akabonyeza, vumbi likaanza kunuka, na kioo kikawaka polepole.

Jambo ambalo Sitwayeni hakulijua ni kwamba Kipungu si wa kwanza kutokea. Mtu huyo hakuwahi kukiona kipindi hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuwatazama watu, na televisheni aliijua kwa kuambiwa.

Yakaja mawingu. Muziki ukapigwa. Katikati ya mawingu uso ukatokea, mdogo kwanza, ukakua, na kabla haujajaza kioo Nkambo aligeuka, akauona, akapiga kigelegele ambacho nina hakika kilisikika bandarini.

"Ametoka!" alipiga kelele. "Wamemufungua! Muone, ni muzima! Hata kofia haikuanguka!"

Wanawake wa soko waliokuwa wameshikilia pumzi wiki nzima hawakungoja. Vigelegele viliruka kutoka kila upande wa ua, watu wakasimama, wakapiga makofi, na mnajua jinsi makofi yalivyokuwa wakati ule: yakianza kwa uso ule, hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kuanza wala wa kwanza kuacha. Papa Kalenga alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu. Mimi sikupiga. Nilikuwa namtazama Sitwayeni.

Alikuwa peke yake aliyekaa. Alifungua mdomo amwambie Nkambo anyamaze, akaufunga. Atamnyamazisha mama anayemshangilia Kiongozi? Atawaambia watu wa soko zima wakae chini, waache makofi, mbele ya uso wenyewe? Akatazama kulia, akatazama kushoto. Nadhani kwa mara ya kwanza alifikiri ni nani katika ua ule aliyetumwa kumtazama yeye. Kisha akainuka kutoka kwenye foteyi, akavuta abakosti yake chini, akapiga makofi.

Habari zilipokwisha, Kipungu akaja akiwa bado kwenye kiti chake, na kamba zake. Sitwayeni alijaribu tena, lakini sauti yake haikuwa ile ya bironi. "Mama, sasa sema."

"Niseme nini, mwanangu?" Nkambo aliuliza, na alikuwa tayari amejikalia kwenye ngazi. "Mukubwa nimeshamuona, ni muzima. Huyu mwingine na kamba zake, ni shauri yake."

Watu wakacheka, kicheko kile cha mtu aliyetua mzigo. Sitwayeni alitazama saa yake. "Nenda nyumbani, mama," akasema, akapita katikati ya watu akitazama chini, na hakungoja kuona mwisho.

Mwisho wenyewe haukuwa na maana. Kipungu alizikata kamba kwa kipande cha kioo kilichokuwa sakafuni karibu na mguu wake, na naapa kwamba wiki iliyotangulia sakafu ile ilikuwa tupu. Niliitazama vizuri, mimi! Walikiweka pale baadaye, walipokosa njia ya kumtoa. Nilipenda kuruka kwake mpaka kipindi kilipokoma kuja, na hata leo mawingu mazito yakikaa juu ya ziwa asubuhi namtafuta kwa jicho moja, lakini kioo kile sijawasamehe walioitengeneza filamu. Mtu aliyefungwa hakuti kioo miguuni pake.

Tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, mimi na Nkambo. Nilikuwa nalia, nacheka, na nilitaka kumpa furaha. Nikamwambia kwamba sasa naamini, alikuwa na haki tangu mwanzo: Mukubwa na Kipungu ni mutu mumoja.

Alisimama. Aligeuka akatazama nyuma yetu njia yote, akainama mpaka mdomo wake ukagusa sikio langu.

"Usiseme tena vile," alininong'oneza. "Pale kwa biro picha ya Mukubwa iko ukutani, na mimi nilikaa nikimutazama wiki muzima, nikawaza. Yule wa barakoa anasaidia watu. Namna gani watakuwa mutu mumoja?"